Kikojozi, kiberiti na paka wa jirani

"Daktari, shikamoo. Ninaishi Mbagala na mume wangu, watoto wetu watatu na mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ni wa kiume, ana miaka 9, yupo darasa la tatu. Nilimchukua mwaka jana baada ya mama yake kufariki huko Kilwa. Baba yake yupo gereza la Ukonga kwa kesi ya kumjeruhi mtu. Mtoto ni mpole na darasani anashika nafasi za juu, lakini anakojoa kitandani karibu kila siku, ingawa mama yake aliniambia aliacha akiwa na miaka minne. Godoro tunalianika barazani ili aone haya, wapi. Mwezi wa pili alichoma banda la kuku kwa kiberiti. Wiki iliyopita nimemkuta na watoto wawili wa paka wa jirani, amewazamisha kwenye ndoo hadi wamekufa. Nilipomuuliza kwa nini, hakulia. Alinijibu: 'Nilitaka kuona kama watapumua tena.' Mwili ulinisisimka. Mume wangu alishaangalia kipindi kuhusu wauaji wa mfululizo wa huko Marekani, anasema dalili zao utotoni ni hizohizo tatu, mkojo, moto na kuua wanyama, na kwamba huwa wapole na wenye akili nyingi. Anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, tumrudishe Kilwa kabla hajawadhuru wetu. Tumemchapa, tumempeleka kwa shehe akasomewa, hali ni ileile. Niambie ukweli: nalea muuaji ndani?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa msiba wa mdogo wako. Umeuliza bila kuzunguka, nami nitajibu hivyohivyo. Hakuna daktari, shehe wala mpelelezi anayeweza kumtazama mtoto wa miaka 9 akasema huyu atakuja kuua. Hizo dalili tatu hazina uwezo huo, na aliyeziandika mwanzo alikuja kuzitilia shaka mwenyewe. Ila usishushe pumzi upesi. Katika barua yako kuna mistari miwili uliyoipita mbiombio, na ndiyo niliyoirudia mara tatu. Nitaifikia.

Tuanze na kipindi alichokiangalia shemeji, maana sidhani kama amekitunga. Mwaka 1963 daktari mmoja wa magonjwa ya akili aliyekuwa akifanya kazi Denver, Marekani, jina lake John Macdonald, aliandika makala kuhusu wagonjwa 100 wa hospitali yake. Wagonjwa hao hawakuwa wauaji. Walikuwa watu waliotishia kuua, na wewe unajua kwa siku moja tu pale sokoni Mbagala unasikia watu wangapi wakiapa "nitakuua". Macdonald aliona kwamba wale waliomtia hofu zaidi, wengi walikuwa na historia ya kukojoa kitandani, kuchoma vitu na kutesa wanyama walipokuwa wadogo. Ilikuwa hisia ya daktari aliyezoea wodi yake. Miaka michache baadaye alipokaa akalipima jambo hilo kwa hesabu, hakupata uhusiano wa kutegemewa. Lakini habari ilikuwa imeshaota miguu. Mwaka 1966 watafiti wengine wawili walichunguza wafungwa 84 na kuzikuta dalili hizo, zote au baadhi, kwa walio wengi kati ya 31 waliokuwa na makosa ya ukatili. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, Robert Ressler na John Douglas, wakisaidiana na muuguzi bingwa Ann Burgess, wakakusanya mahojiano ya wauaji 36 waliokuwa magerezani, wale ambao mauaji yao yalichanganyika na ngono. Dalili zikatajwa tena. Kutoka hapo zikaingia kwenye filamu, kutoka filamu zikaingia sebuleni kwako.

Kosa liko wapi? Nenda leo wodi za MOI pale Muhimbili, uwaulize vijana wa bodaboda waliolazwa na vyuma miguuni: asubuhi ya ajali ulikunywa chai? Karibu wote watasema ndiyo. Sasa, chai inavunja miguu? Huwezi kujua mpaka uende kijiweni ukawaulize na wale ambao hawajaanguka. Wale wauaji 36 ndio waliolazwa. Kijiweni hakwenda mtu.

Na kijiwe chenyewe ni kikubwa. Katika watoto 100 wa miaka 7, kati ya 5 na 10 bado wanakojoa kitandani. Wakifika miaka 10 wanabaki kama 5. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu wa Dar es Salaam. Hebu fikiria magodoro yanayotolewa nje kila alfajiri kuanzia Bunju hadi Chamazi. Mkojo ungekuwa mbegu ya mauaji, jiji hili lisingebaki na mtu wa kuniandikia barua.

Wasifu wa muuaji, hiyo picha ya kisaikolojia inayoonyeshwa kwenye vipindi, ni chombo cha mpelelezi. Watu wameshauawa, polisi wana orodha ndefu ya watuhumiwa, mtaalamu anasoma namna mauaji yalivyofanyika ili awasaidie kuipunguza. Unatoka kwenye maiti kurudi kwa mtu. Kuugeuza ukautembeza mbele, kutoka kwa mtoto kwenda kwenye maiti ambazo hazipo, ni jambo ambalo hata waliokitengeneza chombo hicho hawakukitengenezea. Na hata katika kazi yake yenyewe kinayumba. FBI waliwagawa wauaji katika mafungu mawili, wenye mpangilio na wasio na mpangilio. Mwaka 2004 David Canter na wenzake wa Uingereza wakaujaribu mgawanyo huo kwa mauaji 100 ya Marekani, mafungu hayakujitenga. Mwaka 2005 FBI wenyewe waliwaita wataalamu kutoka nchi mbalimbali mjini San Antonio, na ripoti iliyotoka huko ikasema wazi: muuaji wa mfululizo hana wasifu mmoja, wala hakuna sababu moja inayomzaa. Walichokubaliana ni maana ya neno tu, kwamba ni mtu aliyeua watu wawili au zaidi kwa nyakati tofauti.

Angalia wenyewe walivyo. Dennis Rader wa Wichita, Kansas, aliua watu 10 kati ya 1974 na 1991, na alipokamatwa 2005 alikuwa na mke, watoto wawili na cheo cha mwenyekiti wa baraza la kanisa lake. Harold Shipman alikuwa daktari anayependwa na vikongwe wa mji wake kule Uingereza. Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya wagonjwa 15 mwaka 2000, na tume iliyofuata ikahesabu 215. Moses Sithole wa Afrika Kusini, aliyehukumiwa miaka 2,410 mwaka 1997 kwa mauaji ya watu 38 na makosa mengine, alikuwa akiwaendea wanawake wasio na ajira kwa maneno ya upole akiwaahidi kazi. Na ile hadithi ya akili nyingi? Gary Ridgway, aliyetiwa hatiani kwa mauaji 49 katika jimbo la Washington, alipaka rangi malori kwa miaka kama 30, na vipimo vilimweka chini ya wastani. Alikuwa kikojozi utotoni, sikufichi. Ila ukiwapanga hawa wanne mstari mmoja, nionyeshe kinachowafananisha ambacho ungekiona kwa mtoto anayeshika nafasi za juu darasa la tatu.

Kinachotajwa zaidi ni usaikopathi: mtu asiye na majuto, asiyeguswa na maumivu ya mwingine, mwongo mwenye ulimi laini. Mwanasaikolojia wa Kanada Robert Hare alitengeneza kipimo cha vipengele 20, alama za juu kabisa 40, na kwa kawaida mtu huhesabiwa saikopathi akifikisha 30. Kipimo hicho ni cha watu wazima, na anayekitumia lazima awe amefundishwa, amemhoji mtu na amesoma mafaili yake. Masaikopathi walio wengi hawajaua mtu. Wako maofisini, wako kwenye siasa, wengine ulishawahi kuwakopesha.

(Kwa kuwa unaandika kutoka Tanzania, niongeze hili. Mauaji yaliyotokea kwetu kwa kufuatana, ya vikongwe wa Kanda ya Ziwa, ya ndugu zetu wenye ualbino, ya watoto wa Njombe mwanzoni mwa 2019, yamehusishwa zaidi na ushirikina na watu wanaotafuta utajiri kupitia waganga. Hilo ni jambo jingine na lina tiba nyingine. Nalitaja kwa sababu watu hulichanganya na habari hizi za kwenye televisheni.)

Sasa tumrudie mtoto.

Mstari wa kwanza niliousoma mara tatu ni huu: aliacha kukojoa akiwa na miaka minne. Sisi tunatofautisha watoto wawili. Kuna yule ambaye hajawahi kukauka tangu azaliwe. Huyo mara nyingi ni suala la mwili uliochelewa: usingizi mzito, kibofu kidogo, na homoni inayopunguza mkojo usiku ambayo kwake haijakaa sawa. Hurithiwa pia, ukiwauliza wazazi kwa upole, mmoja wao atacheka akiangalia chini. Na kuna mtoto aliyekuwa mkavu kwa miaka kisha akaanza upya. Kwa huyo swali linakuwa: nini kimetokea? Wa kwako ninaweza kujibu nikiwa nimekaa hapa ofisini. Amempoteza mama, amehamishwa mji, shule na kitanda, na kila asubuhi aibu yake inaanikwa barazani.

Lakini usikubali niseme "ni huzuni" ukaishia hapo. Kukojoa kulikorudi kunaweza kuwa kisukari kinachoanza, hasa kama anakunywa maji mengi na anakonda. Kunaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Kunaweza kuwa choo kigumu, maana utumbo uliojaa hukikandamiza kibofu, na hili watu hawalifikirii kabisa. Kama anakoroma usiku, nyama za pua zinaweza kuhusika. Na kama hajawahi kupimwa selimundu (sikoseli), apimwe. Nchi yetu ni kati ya zile zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo duniani, na figo za mtoto mwenye selimundu hushindwa kuukoleza mkojo, kwa hiyo anajaza kibofu usiku kucha hata kama hakunywa kitu. Nimewahi kuletewa binti aliyechapwa miaka miwili kwa ajili ya kojo, kumbe ni selimundu. Bibi yake alikaa kwenye kiti changu, akavua miwani, hakusema neno muda mrefu.

Swali jingine ni choo chenyewe kiko wapi. Nyumba nyingi za Mbagala choo kiko uani, taa haipo, mlango wa nyuma una komeo juu. Mtoto wa miaka 9 aliyezika mama mwaka jana hataki kukutana na giza saa nane za usiku. Muwekee kopo lenye mfuniko chumbani. Sijui kwa nini jambo dogo hivi huwa ni la mwisho kufikiriwa.

Na hapa nakuuliza jambo zito, ulijibu moyoni mwako kwanza: analala na nani? Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana husahaulika katika hesabu hii. Mtoto anayerudia kukojoa, anayechoma vitu na kuumiza kiumbe kidogo kuliko yeye, anaweza kuwa anatuonyesha kwa vitendo jambo ambalo hana maneno yake. Sisemi limetokea. Nasema usiache kulifikiria kwa sababu tu wanaolala naye ni ndugu. Usimhoji kama polisi. Mwambie siku moja mkiwa peke yenu, labda mnachambua mchele, kwamba akiguswa na mtu yeyote au akiogopeshwa anaweza kukuambia na hutamchapa. Kisha nyamaza.

Moto nitausema kwa kifupi. Watoto wa kiume wanapenda kiberiti. Sisi wenyewe tuliogopeshwa kwamba ukichezea moto usiku utakojoa kitandani, kwa hiyo inaonekana bibi zetu walishaunganisha mambo haya mawili muda mrefu kabla ya Macdonald. Hukuniambia kama kuku walikuwamo bandani, kama alikimbia au aliita watu, kama alikuwa peke yake. Hayo ndiyo ninayoyahitaji. Kiberiti kikae juu, na hamu yake ya moto ipewe kazi: awashe jiko la mkaa jioni, wewe ukiwa umesimama hapo.

Sasa paka. Hapa siwezi kukupoza kama kwenye mkojo. Kukojoa si tabia, ni mwili. Kuua mnyama ni kitendo. Mimi mwenyewe, nilipokuwa na umri wa huyu kijana, nilikuwa na manati na mijusi ya Ilala ilinijua. Tulifunga mbawakawa uzi mguuni tukawarusha mpaka mguu unakatika. Ulikuwa ujinga wa kundi, tukicheka. Mtoto anayekwenda peke yake, kwa siri, kumtesa mnyama anayefugwa na kupendwa, hilo ni zito zaidi. Kule Massachusetts mwaka 1999 watafiti waliwalinganisha watu 153 walioshitakiwa kwa kutesa wanyama na majirani 153 wa rika lao, na waliotesa wanyama walikuwa na uwezekano mara 5 hivi zaidi wa kuwa na rekodi ya ukatili kwa binadamu. Hiyo ni kweli na sitakuficha. Ila utafiti huohuo haukuona kwamba watu huanza na wanyama kisha wakapanda ngazi kwenda kwa binadamu. Wengine walianzia kwa binadamu. Paka alikuwa sehemu ya maisha yaliyovurugika, pamoja na wizi, dawa za kulevya na mengineyo.

Mstari wa pili niliourudia ndio huu: "Nilitaka kuona kama watapumua tena." Wewe ulisikia muuaji. Mimi nilisikia swali. Siku mama yake alipofariki, nani alikuwa naye? Aliambiwa nini? Kwetu mtoto huambiwa "mama amelala", "mama amesafiri", kisha anapelekwa kwa jirani ale wali wakati watu wanakwenda makaburini. Mwaka mzima anabaki na maelezo hayo. Kama alimwona mama anapumua kwa shida, akaona kimya kinaingia, kisha watu wazima wakamwambia amelala, basi anaweza kuwa alikuwa akifanya jaribio la kutisha kwenye ile ndoo, na jibu alilolipata amelibeba peke yake. Hilo ni dhana yangu. Linaweza kuwa si kweli, na ndiyo maana anahitaji kukaa na mtu uso kwa uso. Lakini wewe ni mama yake mkubwa, na ukitaka kujua, anza kwa kumuuliza: ulipokuwa unawaangalia, ulikuwa unamkumbuka mtu?

Kwamba hakulia, usilitegemee sana. Mvulana aliyeshachapwa kwa mkojo na kwa moto, akisimama mbele ya mtu mzima mwenye hasira, hukauka uso. Tunachokitafuta sisi ni kingine. Kuna watoto wachache ambao kilio cha mwingine hakiwafikii. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, amigdala, inayotusaidia kuisoma hofu kwenye uso wa mtu, na kwao huitika kwa unyonge. Ili tuseme mtoto yuko huko, tunataka kuona angalau mawili kati ya mambo haya kwa muda wa mwaka mzima, nyumbani na shuleni, kwa zaidi ya mtu mmoja: hajuti hata asipokuwa matatani, hajali maumivu ya wengine, hajali afanye vizuri au vibaya shuleni, na hisia zake huonekana za kuigiza ili apate kitu. Mtoto wako anapambana kushika nafasi za juu. Wadogo zake anawabeba? Ukiumwa, anakuletea maji? Alipolala usiku ule wa paka, alilala? Ukikaa ukajibu hayo kwa haki utajua mengi kuliko mimi. Na hata yule mwenye dalili zote hizo, sheria ya taaluma yetu hairuhusu kumpa jina la ugonjwa wa haiba ya uhalifu kabla hajatimiza miaka 18. Sababu ipo: Lee Robins, aliyewafuatilia mamia ya watoto watukutu wa St. Louis hadi utu uzima, aligundua kwamba watu wazima wahalifu sugu karibu wote walikuwa watoto wa namna hiyo, lakini watoto wa namna hiyo walio wengi hawakuishia huko.

Tuje kwenye nyoka. Mumeo ana chembe ya ukweli: ubaridi wa moyo una sehemu ya kurithi, tafiti za mapacha zimeonyesha hivyo. Ila kuna utafiti uliochapishwa 2016 wa watoto waliolelewa tangu uchanga na familia zisizowazaa. Wale ambao mama zao wa kuwazaa walikuwa na tabia nzito za uvunjaji sheria walielekea zaidi kuwa baridi wa moyo, ingawa hawakulelewa nao. Damu, basi, ilisema. Lakini pale ambapo mama mlezi alikuwa mwepesi wa kumsifia mtoto na kumwonyesha furaha, uhusiano ule ulitoweka. Wewe ndiye mama mlezi katika habari hiyo. Na hata kwa waliokwisha kuharibika, katika jimbo la Wisconsin kuna kituo kinaitwa Mendota, kilianza 1995 kupokea vijana walioshindikana katika magereza ya vijana. Walipofuatiliwa miaka iliyofuata, kundi lililotibiwa kwingine kwa njia za kawaida lilikuwa limeua watu 16. Waliotibiwa Mendota hawakuwa wameua hata mmoja. Kilichofanyika pale hakikuwa miujiza: adhabu zilipunguzwa, na kila tendo jema, hata dogo, lililipwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo fimbo iwekwe chini. Simlaumu shemeji, wengi wetu tumelelewa hivyo. Uchunguzi ule wa 2009 unaonyesha karibu robo tatu ya Watanzania hupigwa utotoni. Lakini mtoto aliyekwisha jifunza kwamba mkubwa anaruhusiwa kumuumiza mdogo asiyeweza kujitetea, unamchapa umfundishe nini kuhusu paka? Kisomo cha shehe hakina ubaya, kinaweza kumtuliza, mradi asitoke hapo akiamini ana jini. Mtoto anayeambiwa ana jini au ana damu ya muuaji hulivaa jina hilo, maana ni bora kuwa wa kutisha kuliko kuwa wa kuzomewa.

Kumrudisha Kilwa ni kumhamisha mara ya pili ndani ya miaka miwili. Sikushauri, isipokuwa kama kuna mtu kule anayempenda na kumtaka, si kumpokea tu. Hofu ya mumeo kwa watoto wenu nayo ni halali, nisiipuuze. Kwa sasa asiachwe peke yake na mtoto mchanga wala na wanyama, mtu mzima awepo, bila kutangaza sababu. Hilo ni tahadhari ya miezi, halimfanyi mfungwa. Na kwa jirani nendeni pamoja, wewe na yeye. Mtoto aseme kwa mdomo wake kwamba aliua paka zake na anaomba radhi, kisha apewe kazi ya kuipelekea mama paka dagaa kila jioni kwa wiki kadhaa, wewe ukimwangalia. Uangalie uso wake anapofanya hivyo. Utakachokiona, uje nacho hospitali.

Maana hospitali lazima mwende. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, apimwe mkojo, sukari na selimundu. Kisha omba rufaa Hospitali ya Temeke au moja kwa moja Muhimbili, idara ya afya ya akili, ueleze kwamba ni mtoto. Usiende na neno "muuaji". Nenda na tarehe: mama alifariki lini, mkojo ulirudi lini, moto lini, paka lini. Ukizipanga kwenye karatasi huenda ukaona kitu kabla ya daktari. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa anapaswa kuwajua pia, kwa kuwa mtoto ni yatima wa mama na baba yuko kifungoni.

Usisubiri miadi kama atamshika mwenzake shingo au kumtishia kwa kisu, akiwasha moto ndani ya nyumba watu wakiwamo, akisema anataka kufa au anataka kumfuata mama, akisikia sauti, au akikuambia kuna mtu anamfanyia jambo baya. Kwa hilo la mwisho, simu ya msaada kwa watoto ni 116, haikatwi salio, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Usimalizane kifamilia.

Leo jioni, kabla ya yote hayo, nunua karatasi la nailoni la kutandika chini ya shuka. Na godoro mlihamishie uani, asubuhi mlibebe naye, wewe upande mmoja na yeye upande mwingine, kabla wenzake hawajaanza kupita kwenda shule.